Unajenga PC ya gemu kidogo kidogo? Panga mashine ya mwaka wa pili kabla hujanunua ya kwanza

Wakuu, kila nikikaa na mtu anayetaka kujenga PC ya gemu swali la kwanza ni lilelile, "nina kiasi hiki, nichukue grafiki kadi gani?" Mi huwa namwambia tutafika huko, ila sio leo. Wengi wetu hapa Dar hatununui mashine kwa mkupuo, unapata mshahara unachukua kitu, unapata kazi ya pembeni unaongeza kingine, sasa ukinunua bila ramani unajikuta baada ya mwaka na nusu umenunua mashine mbili, moja unayoitumia na nyingine iko kwenye boksi uvunguni vipande vipande haina mtu wa kuichukua.

Mashine yangu ya kwanza niliipanga vibaya. Hela karibu yote nikaweka kwenye kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, pawa saplai (kisanduku kinachogawa umeme ndani ya mashine) nikachukua ya bei chee, ubavuni imeandikwa wati 600 lakini ukiishika nyepesi kama boksi tupu. Ilikaa miezi minne. Siku hiyo umeme ukakatika ukarudi kwa nguvu, nikasikia mlio mmoja tu, harufu ya kuungua ikajaa chumba kizima, na ile pawa saplai haikufa peke yake, iliondoka na mazabodi, ile bodi kuu inayobeba kila kitu. Kadi ilipona. Ile hela niliyodhani nimeokoa niliilipa mara tatu.

Kwa hiyo anza na karatasi. Andika unacheza nini kweli, sio unachotamani kucheza siku moja. Mtu wa eFootball, Valorant, CS2 na GTA V mahitaji yake ni tofauti kabisa na mtu anayetaka gemu mpya za hadithi zenye picha nzito. Afu andika monita uliyonayo au utakayonunua, maana monita ndo inaamua kadi. Kama ni 1080p (ukubwa wa picha kwa vipikseli) ya 60Hz (picha 60 kwa sekunde), kadi inayotoa fremu 140 kwa sekunde hizo 80 za juu hutaziona. Kama ni 1440p kazi ya kadi inapanda sana, ni karibu mara 1.8 ya vipikseli vya 1080p. Mstari wa tatu andika: baada ya miaka miwili nataka niwe wapi? Huo mstari wa tatu ndo unachagua mazabodi na pawa saplai, na hivyo viwili ndo vinachagua vilivyobaki.

Tuanze na soketi, pale prosesa (ubongo wa mashine) inapokaa kwenye bodi, maana ndo nyumba yenyewe. AMD soketi yao ya AM4 ilianza kubeba prosesa za Ryzen 2017, na waliochukua bodi mwaka ule wengi waliweza kubadilisha baiosi tu (programu ya ndani ya bodi inayowasha mashine) wakaweka Ryzen 7 5800X3D iliyotoka 2022, bodi ileile, ramu ileile. Hiyo ni miaka mitano bila kuvunja nyumba. AM5 ilikuja Septemba 2022 na Ryzen 7000, ikaja Ryzen 9000 mwaka 2024 kwenye soketi hiyohiyo, na AMD wamesema wataiendeleza mpaka 2027 na kuendelea. Intel wanabadilisha haraka zaidi, LGA1700 ilibeba kizazi cha 12, 13 na 14, afu Core Ultra za mwisho wa 2024 zikahamia soketi nyingine, LGA1851. Sisemi Intel mbaya, i5-12400F mpaka leo ni prosesa nzuri ya gemu kwa bei yake, nachosema ukiinunua ujue njia ya kupanda inaishia kizazi cha 14, basi.

Sasa AM4 au AM5? Mwaka mmoja na nusu nyuma ningekwambia AM5 bila kufikiri. Kilichobadilika ni ramu. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya ramu duniani imeruka vibaya kwa sababu viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye mashine za akili bandia, na AM5 haikubali kitu kingine zaidi ya DDR5, ramu ya aina mpya. DDR4, aina iliyotangulia ambayo AM4 inatumia, nayo imepanda, ila DDR4 iliyotumika bado inapatikana kwenye mashine za ofisi zinazoingia nchini. Msimamo wangu ni huu: kama tayari una ramu ya DDR4 ya dekstopu mkononi, hata 16GB tu, kaa AM4, chukua bodi ya B550 na Ryzen 5 5600, cheza miaka mitatu bila presha. Kama huna kitu kabisa, unaanza sifuri, na unaweza kuvumilia miezi miwili mitatu zaidi, nenda AM5 na bodi ya B650 hata iwe ya kawaida.

Usichanganye B550 na B450. B450 ni ya zamani zaidi, njia ya kadi ni PCIe 3.0 yenye kasi ndogo kuliko ya B550, na ikiwa na baiosi ya zamani Ryzen 5000 haiwaki kabisa, unabaki unaangalia skrini nyeusi unadhani umeuziwa prosesa mbovu. Muulize muuzaji baiosi imesasishwa? Au tafuta bodi yenye kitufe cha BIOS Flashback, hiyo unaiwekea baiosi mpya kwa flashi hata bila prosesa ndani.

Kwenye ramu watu wanapoteza hela bila kujua. Vijiti viwili vya 8GB vina kasi kuliko kimoja cha 16GB kwa sababu prosesa inasoma njia mbili kwa pamoja, na kama unatumia grafiki iliyo ndani ya prosesa tofauti ni kubwa sana maana hiyo inaazima ramu ya kawaida kufanya kazi ya picha. Kwa DDR4 unaweza kuanza na viwili vya 8GB ukaongeza viwili vingine baadaye, mara nyingi vinakubali vizuri. DDR5 mpango huo usiufanye! Kwenye AM5 ukijaza vijiti vinne kasi inashuka vibaya, ramu ya 6000 unaweza kujikuta uko 3600, au mashine inagoma kuwaka. Kwa hiyo DDR5 panga vijiti viwili tu maisha yote ya bodi. Kama hela haitoshi chukua kijiti kimoja cha 16GB leo, vumilia kasi kupungua, afu tafuta pacha wake wa namba ileile ya modeli, ni bora kuliko viwili vya 8GB ambavyo mwakani utavitoa vyote.

Pawa saplai nimeshagusia ila narudi maana ndo inaua mashine za watu. Usisome namba kubwa ya ubavuni, geuza usome lebo, tafuta mstari wa +12V, chukua ampea zidisha kwa 12. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 utakuta ampea 40 na kitu hapo. Zile za uongo imeandikwa 600 lakini 12V ina ampea 18, sasa 18 mara 12 ni wati 216, hiyo ndo nguvu yake halisi. Angalia pia alama ya 80 Plus ya ufanisi wa umeme, daraja la Bronze linatosha. Ukikuta ina swichi nyekundu ndogo nyuma, ya kuchagua volti 115 au 230, ni ya teknolojia ya zamani, na kama imekaa kwenye 115 ukichomeka kwenye umeme wetu inapasuka hapohapo.

Kiasi gani kinatosha? Ryzen 5 5600 hata ikikazwa haizidi wati 80, kadi ya RX 6600 ni wati 132, weka bodi, ramu, SSD na feni tuseme 40, jumla ni kama 250. Pawa saplai ya 550 ingetosha kabisa. Mi nasema chukua 650 ya kampuni inayoeleweka yenye waranti ndefu, kwa sababu ya ule mstari wa tatu kwenye karatasi, hata ukija kuweka RTX 5070 inayokula wati 250 Nvidia wenyewe wanashauri 650, hutabadilisha kitu. Na kwa wanaouliza kuhusu LUKU, wati 250 kwa saa nne ni uniti moja, ongeza kidogo ya monita, piga hesabu na masaa unayocheza wewe.

Umeme wenyewe nao. Stabilaiza ni lazima, UPS (betri ya akiba) ukiweza. Ila ujue VA sio wati, UPS nyingi za 650VA zinabeba wati 360 au 390 tu, na kazi yake ni kukupa dakika za kusevu na kuzima, sio kumalizia mechi. Umeme ukikatika chomoa, subiri urudi utulie dakika kadhaa ndo uchomeke. Jingine ambalo mafundi wengi wa kompyuta hawaliangalii ni athi. Ukigusa chuma cha kesingi unahisi kama kinakutekenya vidole, hiyo soketi ya ukutani haina athi, umeme mdogo unaotakiwa kwenda ardhini unapita kwako. Mwite fundi umeme apime, na usikate wala kuruka ile pini ya tatu ya plagi kwa kutumia adapta za pini mbili.

Sasa kadi. Kwa bajeti nzima ya mashine bila monita mi hutenga asilimia 35 hadi 40 kwa kadi, na kama hela haijafika naacha nafasi yake wazi, sinunui ya kuzugia. Kuna njia nzuri ya kusubiri, chukua Ryzen 5 5600G yenye grafiki ya ndani, inacheza Valorant, CS2 na GTA V kwa mipangilio ya chini, kadi inakuja ukijaliwa. Hasara yake ujue mapema: ina kashe ya L3 (memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya 16MB wakati 5600 ya kawaida ina 32MB, na njia ya kadi ni PCIe 3.0 hata bodi ikiwa B550. Kinyume chake, 5600 ya kawaida na Intel zote zenye herufi F mwishoni hazina grafiki ya ndani, bila kadi hupati picha, na kila mwezi nakutana na mtu amechomeka HDMI kwenye bodi yenye prosesa ya namna hiyo anahangaika.

Ukisoma jina la kadi soma na memori yake, maana jina moja linabeba vitu viwili. RX 9060 XT ipo ya 8GB na ya 16GB, RTX 5060 Ti vilevile, hata RTX 3060 ukiacha ile ya 12GB ipo ya 8GB iliyopunguzwa. Kwa 1080p na gemu za mashindano 8GB bado inafanya kazi, kwa gemu mpya nzito 8GB imeanza kubana, ramani za picha (texture, ngozi za vitu ndani ya gemu) zinakataa kukaa zote na unaona mikwamo. RX 6500 XT mi sishauri, ina 4GB, inatumia njia nne tu za PCIe kwa hiyo ukiiweka kwenye bodi ya PCIe 3.0 inaumia zaidi, na haina sehemu ya kurekodi video, mtu wa kustrimu atalia.

Kadi iliyotumika siogopi, mashine yangu ya pili niliijenga na RX 6600 iliyotumika. Ila usinunue kwa picha. Nenda na flashi yenye GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, na programu ya kupima kama FurMark, ichomekwe mbele yako, GPU-Z isome, kama baiosi imechezewa ili kadi ya zamani ijiite jina kubwa mara nyingi programu yenyewe inaandika FAKE kwenye jina. RX 580 ukikuta imeandikwa 2048SP (idadi ya viini vya kuchora picha) jua ndani ni kama RX 570, sio mbovu ila isiuzwe bei ya 580 kamili, hiyo ina 2304. Baada ya hapo iendeshe dakika 15, sikiliza feni, angalia joto, angalia kama kuna vidoti au mistari ya rangi inaruka kwenye skrini. Muuzaji akisema hana muda wa dakika 15 we nenda zako.

Kuna wanaouliza njia ya OptiPlex na EliteDesk za ofisi zilizotumika, zimejaa madukani na bei yake inavutia. Inawezekana, ila chagua kizazi. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8. Zile za kizazi cha 4 kama OptiPlex 9020 watu wanazilazimisha Windows 11 na inakaa, lakini Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya ulinzi vya ndani ya mashine, inakukatalia mlangoni. Chukua OptiPlex 7060 au EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500. Pawa saplai zake ni ndogo na plagi zake sio za kawaida, kwa hiyo tafuta kadi isiyohitaji waya wa umeme, RTX 3050 ya 6GB ni wati 70, na kama mashine ni ile nyembamba hakikisha ni toleo la kadi la kimo kifupi (low profile). Kitu kizuri kwenye hii njia ni kwamba DDR4 yake na SSD utakayoweka zinahamia AM4 baadaye, bodi na kasha ndo unaviacha.

SSD kwa ufupi: NVMe (SSD ndogo inayochomekwa kwenye bodi) ya PCIe 3.0 ya 1TB inatosha. Kutoka hard disk kwenda SSD utaona tofauti kama usiku na mchana, kutoka NVMe ya kawaida kwenda ya kasi ya juu kwenye gemu hutaiona. Usichukue 256GB, gemu mbili tatu za siku hizi zimeijaza.

Kesingi usinunue kwa taa. Kwa joto letu la Februari nunua yenye wavu mbele, sio kioo kilichoziba, feni mbili za mbele zinaingiza na moja ya nyuma inatoa, kichujio cha vumbi kinachotoka kirahisi ukisafishe kila wiki mbili. Ukipuliza ndani kwa mashine ya upepo shika panga za feni zisizunguke. Mnaokaa karibu na bahari, Zanzibar, Tanga, Mombasa, chumvi ya hewani inashambulia meno ya ramu na kadi, mashine ikigoma kuwaka ghafla chomoa ramu, futa meno kwa spiriti safi ya isopropili, rudisha. Nimeona mashine zaidi ya moja "zilizokufa" zikafufuka hivyo.

Siku ya kuunganisha, mambo ninayoona yanakosewa ni haya. Ramu mbili zinakaa tundu la pili na la nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Waya wa prosesa wa pini nane na wa kadi wa pini nane vinafanana kwa macho lakini sio kimoja, usilazimishe. Karatasi ya plastiki chini ya kipozeo itoe. Ukishawaka ingia baiosi uwashe XMP au EXPO, mpangilio wa kasi kamili ya ramu, bila hivyo ramu ya 3200 inakimbia 2133 au 2666 na hakuna atakayekwambia. HDMI au DisplayPort chomeka kwenye kadi, sio kwenye bodi. Afu kwenye Windows nenda mipangilio ya skrini uchague 144Hz mwenyewe, kuna mtu alicheza mwaka mzima kwenye 60Hz na monita ya 144.

Mashine imewaka, sasa apgredi inayofuata ni ipi? Usikisie, pima. Weka MSI Afterburner ikuonyeshe matumizi juu ya gemu. Kama kadi iko asilimia 95 hadi 99 muda wote, kadi ndo kikomo na hiyo ni hali ya kawaida, ukitaka fremu zaidi badilisha kadi. Kama kadi iko 60 au 70, shusha mipangilio ya picha mpaka chini, fremu zikibaki zilezile basi prosesa ndo inashikilia, na kadi mpya haitakusaidia kitu. Kama fremu ni nyingi ila kuna mikwamo ya ghafla angalia ramu, ukiwa na 16GB na umefungua brauza yenye tabu 30 pembeni imejaa, kabla ya kununua nyingine funga hiyo brauza ujaribu tena.

Mi kwenye AM4 napanga hivi: mwaka wa kwanza 5600 na kadi ya daraja la RX 6600, mwaka wa pili kadi ya 16GB, prosesa inabaki. Zile 5700X3D na 5800X3D zilikuwa ndo hatua ya mwisho tamu ya AM4 lakini zimeadimika, ukiikuta kwa bei ya maana chukua, usiipandishie bei mpaka ifike ya kuhamia AM5. Kwenye AM5 unaanza na Ryzen 5 7500F au 7600, unakaa nayo, baadaye unaruka moja kwa moja kwenye X3D, prosesa zenye kashe kubwa, kwenye bodi ileile.

Na kadi ya zamani iuze mapema, kabla kizazi kipya hakijatua madukani, bei ikishaanza kushuka haisubiri. Boksi na risiti viweke tangu siku ya kwanza. RX 6600 yangu niliiuza ndani ya siku mbili kwa sababu nilirekodi video ya dakika kumi kwa simu, gemu inacheza, GPU-Z na joto vinaonekana pembeni, mnunuzi alikuja na flashi yake akapima tena, akalipa, tukashikana mikono.